NDUGU YAKE ALIKUFA MAJI

Kijana mwenzangu, wewe uliyepewa karatasi hii hapo uwanjani au stendi ya basi, ngoja kwanza, usiikunje. Nina swali moja tu. Je, umewahi kumwomba Mungu jambo kubwa, jambo la machozi, halafu likatokea kinyume chake? Ulimwombea mama apone, akafa. Tangu siku ile ukasema, mambo ya Mungu mimi basi. Kama ndiwe huyo, kaa kidogo nikusimulie habari za Myahudi mmoja wa zamani sana.

Jina lake Moshe ben Maimon, yaani Musa mwana wa Maimon. Wazungu humwita Maimonides. Wayahudi mpaka leo wanasoma vitabu vyake na kubishana juu yake. Lakini usidhani alilelewa kwa raha. Alizaliwa katika mji wa Córdoba, Hispania, katika miaka ya 1130, baba yake akiwa hakimu wa Wayahudi. Mwaka 1148, yeye akiwa bado mtoto, mji ukatekwa na watawala wa Almohad kutoka Moroko. Amri yao ilikuwa kali: Wayahudi na Wakristo wabadili dini, au wahame, au wafe. Familia ikatangatanga miaka mingi. Wakakaa Fez, Moroko, na mwaka 1165 wakapanda meli kwenda nchi ya Israeli. Njiani dhoruba ikawapiga wakajua wamekwisha. Walipookoka, Musa akaweka nadhiri ya kufunga kila mwaka siku ile.

Sasa angalia mtu huyu. Katika kuhangaika kote huko alikuwa akiandika kitabu! Barabarani anaandika, melini anaandika. Kilikuwa ufafanuzi wa Mishna, sheria za kale za Wayahudi, akakimaliza mwaka 1168 akiwa Misri. Wewe na mimi tungesema ngoja kwanza maisha yatulie.

Huko Misri walikaa Fustat, karibu na Kairo. Musa alikuwa na mdogo wake, Daudi. Alimlea magotini, akamfundisha mwenyewe, akampenda mno. Daudi alikua akawa mfanyabiashara wa vito vya thamani, na hela ya nyumbani ilitoka kwake. Kaka asome, mdogo atafute. Ndivyo walivyopatana.

Kuna barua ya Daudi ambayo ipo mpaka leo. Ilikutwa Fustat, katika chumba cha sinagogi walimotupia karatasi kuukuu, na sasa imehifadhiwa Cambridge, Uingereza. Daudi aliiandika kutoka Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Anamwambia kaka yake kwamba yeye na mwenzake waliuacha msafara wakavuka jangwa peke yao. Ujinga mtupu, na anakiri hivyo. Kumbe wengine waliopita njia ile waliporwa, na wengine walikufa kwa kiu, lakini wao wakafika salama. Bandarini hakupata bidhaa ya maana ila nili, kwa hiyo ameamua kuvuka kwenda India. Anamtuliza kaka, anataka mkewe naye atulizwe. Yule Mungu aliyemwokoa jangwani, anasema, atamwokoa na baharini.

Umesikia maneno ya imani hayo?

Baadaye habari ikafika Fustat. Daudi amekufa maji katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga Mombasa na Dar es Salaam. Ameondoka na hela yake, hela ya Musa, na hela za watu wengine. Ameacha mjane na binti mdogo.

Nataka uelewe kilichompata Musa, maana wahubiri wengi hupaharakisha hapa. Alianguka kitandani karibu mwaka mzima. Homa, majipu, akili imechanganyikiwa, akakaribia kufa. Miaka minane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Acre, na bado alikuwa analia. Akiona mwandiko wa Daudi mahali popote, moyo unageuka. Na anakiri kwamba kama si Torati, masomo aliyoyapenda, huzuni ingemwua.

Jamani, mtu huyu hakuwa na imani? Wayahudi wana neno lao la kumtegemea Mungu, bitahoni. Karne moja kabla ya Musa, hukohuko Hispania, mwalimu wao Bahya ibn Paquda alitenga sehemu nzima ya kitabu chake kwa jambo hilo moja. Lakini bitahoni si bima. Soma Zaburi: mtu analia na kumtumaini Mungu katika wimbo mmoja, wala hakuna anayemnyamazisha. Daudi alitumaini, akazama. Musa alitumaini, akaugua. Na Mungu wao hakuwa ameondoka.

Basi akaamka. Mjane yupo, mtoto yupo, wenye hela zao wapo. Sifa zake zilikuwa zimeenea, angeweza kuishi kwa sadaka za watu, wala asingekosa. Hakutaka. Katika kitabu chake kikuu, Mishneh Torah, aliandika kwa ukali kwamba anayekusudia kusoma Torati tu asifanye kazi, akaishi kwa sadaka, analitia jina la Mungu aibu. (Hapo na sisi watu wa dini tujikune.) Akashika utabibu, akapanda mpaka akawa tabibu wa al-Fadil, waziri wa Salahuddin, na wa watu wa ikulu.

Na wewe uliyevaa hirizi chini ya shati, au unayesoma nyota yako gazetini kabla ya kwenda kwenye usaili, sikia. Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa walimwandikia wakiuliza kama nyota zinatawala maisha ya mtu. Akajibu, katika miaka ya 1190, kwamba vitabu vya nyota amevisoma na ni upuuzi. Tena wazee wao walipoteza hekalu kwa sababu walitazama nyota badala ya kujifunza vita! Aliwakemea pia wanaonong'ona Maandiko juu ya kidonda, kana kwamba neno la Mungu ni dawa ya ngozi.

Mwaka 1199 Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akifasiri kitabu chake kingine, alitaka kuja kumtembelea. Musa akamweleza siku yake ilivyo. Kila asubuhi anapanda mnyama kwenda Kairo, ikulu. Anarudi mchana ana njaa, anakuta baraza imejaa Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo, rafiki na adui. Anashuka, ananawa, anawaomba wamvumilie ale kidogo, chakula chake pekee cha siku nzima. Kisha anawatibu mpaka usiku. Siku ya Sabato usharika wake unakuja kwake kusoma. Alikufa Desemba 1204 na kaburi lake liko Tiberia.

Katika barua hiyo anasema jioni huchoka asiweze kukaa. Basi hulala chali, wagonjwa wanaendelea kuingia, naye anawaandikia dawa vivyo hivyo, amelala.