Allidina Visram: Mwana wa Kera aliyetandaza maduka bara

Huku kwetu Ekalakala, karibu na mto Tana, mtu akikutana na mgeni kwa mara ya kwanza hamwulizi anafanya kazi gani. Humwuliza ni wa mbai gani. Akijibu kwamba yeye ni wa Atangwa, au Aombe, au Anzauni, basi mwenyeji amekwisha kujua mengi: kama wanaweza kuitana ndugu, kama mwana wa huyu anaweza kumwoa binti wa yule, na kama kuna deni la zamani baina ya wazee wao. Mimi nimelelewa katika desturi hiyo, na ndiyo iliyonifanya nipendezwe na habari za Wahindi wenye maduka. Kwa muda mrefu watu wetu waliwaona kama kundi moja lisilo na koo wala asili, wote wakiitwa Mhindi wa duka na basi. Kumbe wao nao wana mbai zao, na hadithi za kale ndefu kama zetu au kuzidi. Na wala si mapambo tu, kwani biashara yote iliyoenea bara ilisimama juu ya mambo hayo.

Leo basi, wasomaji, nataka kueleza maisha ya marehemu Allidina Visram, ambaye pengine hakuna mfanyabiashara aliyefungua maduka mengi kumpita katika Afrika Mashariki ya zama zake.

Alizaliwa mwaka 1851 hivi katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Mwaka huohuo wa 1851, Kivoi wa Mwendwa, yule mfanyabiashara mkuu wa Wakamba aliyekuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, aliuawa karibu na mto Tana alipokuwa safarini pamoja na mmisionari Krapf. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa muujiza. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba kabla ya Mhindi yeyote kufungua duka Ukambani, Wakamba walikuwa wakifanya biashara ya masafa marefu, na njia za kuelekea Rabai na Mombasa walizijua kwa miguu yao wenyewe.

Kutch ni nchi kame. Upande mmoja kuna jangwa kubwa la chumvi, upande mwingine bahari. Mvua ikikosekana miaka miwili mfululizo, mkulima hana la kufanya ila kuhama, na sisi wa Yatta na Masinga hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na bandari ya Mandvi, na pepo za kaskazi zilizoanza kuvuma karibu na Desemba ziliwachukua hadi Zanzibar, kisha kusi ikawarudisha. Tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, mwaka 1840 hivi, watu wa Kutch walizidi kumiminika. Mmoja wao, Taria Topan, alipanda hadi kushika forodha ya Sultani.

Taria Topan, Sewa Haji Paroo na Allidina Visram wote walikuwa Makhoja. Sasa Khoja ni nani?

Asili yao, kwa mujibu wa mapokeo yao, ni Walohana, jamii ya Kihindu ya Sindhi, Kutch na Gujarati. Walohana husema kwamba wao ni kizazi cha Lava, mwana wa Rama, yule mfalme anayesimuliwa katika Ramayana, na kwamba mji wa Lahore ulipata jina lake kwake. Walikuwa watu wa vita, wasema wazee wao, kisha wakapoteza nchi, wakaweka chini upanga na kushika mizani. Mwanahistoria anaweza kutikisa kichwa hapo, kwa kuwa hakuna hati ya kuthibitisha safari ya tangu Lava hadi kwa muuza chumvi wa Kutch. Mimi sioni ubaya. Nasi twasema mtu wa kwanza alitoka mlimani Nzaui, na hakuna aliyetudai hati.

Walohana waligawanyika katika koo ziitwazo nukh, na sheria ni ileile ya mbai: wa nukh moja hawaoani. Kisha, yapata miaka 600 iliyopita, alikuja mhubiri aitwaye Pir Sadruddin. Alihubiri Uislamu wa madhehebu ya Ismailia kwa lugha na nyimbo ambazo Wahindu wangezielewa, na nyimbo hizo, ziitwazo ginan, huimbwa hadi leo. Walohana walioongoka aliwapa jina la khwaja, yaani bwana, badala ya cheo cha thakkar walichokuwa nacho, ambacho maana yake ni hiyohiyo. Neno khwaja likalainika vinywani likawa Khoja. Kwa hiyo walibadili dini lakini hawakuvuliwa heshima.

Tazama jina la mtu wetu. Allidina ni Alauddin, jina la Kiislamu lililovikwa nguo ya Kigujarati. Visram ni jina la baba yake, nalo ni neno la Kihindi lenye maana ya mapumziko.

Desturi nyingi za zamani zilibaki. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya urithi. Mwaka 1847 mabinti wa Kikhoja walikwenda mahakamani Bombay kudai fungu la mali ya baba kama sheria ya Kiislamu inavyoagiza, nao wakashindwa: jaji aliamua kwamba desturi ya Makhoja, ambayo ilikuwa ya Kihindu, haimpi binti urithi. Kesi kubwa zaidi ilifuata mwaka 1866, wakati baadhi ya matajiri walipopinga mamlaka ya Aga Khan wa Kwanza juu ya jamii na mali yake. Mahakama ilimpa Aga Khan ushindi na kutamka kwamba Makhoja ni watu wa Ismailia ambao asili yao ni Wahindu. Ugomvi huo ulivuka bahari pia. Wengine Unguja walijitenga wakafuata Ithnaasheri, ndugu wakagawana misikiti na makaburi.

Katika ulimwengu huo ndimo alimotoka Allidina. Alifika Bagamoyo angali kijana, hana mtaji wowote wa maana, akaajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiwapatia wasafiri na wafanyabiashara wapagazi, vitambaa, shanga na waya kwa safari za bara. Hapo kijana alijifunza mambo mawili: kujua ni kitambaa gani kinachopendwa na watu wa mahali gani, na kujua ni mtu gani wa kuaminiwa na mzigo. La pili ni gumu zaidi.

Baadaye alianza kujitegemea, akinunua pembe, nta, asali na karafuu, akiuza chumvi na nguo. Alifungua matawi Dar es Salaam na Saadani, kisha Tabora na Ujiji, akifuata njia ile ya misafara. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa amekwisha kuwa tajiri mkubwa wa bara.

Ndipo Waingereza walipoanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Allidina aliona kwamba njia ya Bagamoyo ingezidiwa, akageuza uso kaskazini. Reli ilipasua Ukambani, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Mji wa Machakos, uliokuwa kituo cha Kampuni ya Kiingereza tangu 1889, uliachwa kando, na makao ya serikali ya jimbo yakahamishiwa Nairobi. Allidina alifuata reli, akafungua maduka kwenye vituo vyake vikubwa. Hakungoja ifike ziwani pia: kufikia mwaka 1898 hivi alikwisha kuwa na duka Kampala. Kutoka hapo matawi yakaenea Jinja, Entebbe na kwingineko Uganda, hadi Sudani ya kusini na mashariki ya Kongo. Mashua zake zilivuka ziwa Viktoria. Alikuwa na viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta na kupasua mbao. Wapo waliomwita mfalme wa Uganda asiyevikwa taji.

Mtu mmoja aliwezaje kusimamia maduka yaliyokuwa mwendo wa majuma mengi kutoka alipokaa, katika wakati ambapo benki zilikuwa chache mno na simu haikufika kila mahali?

Jibu lilikuwa ukoo. Allidina aliwaita vijana kutoka Kutch, wengi wao Makhoja wenzake, ingawa Wahindu pia aliwaajiri. Kijana alilipiwa nauli, akawekwa karani miaka kadhaa, akala na kulala dukani, kisha akapewa bidhaa kwa mkopo akafungue tawi lake mahali ambapo hakuna duka. Hakuandikishwa mkataba mrefu. Baba yake alijulikana kule kijijini, mjomba wake alijulikana Mombasa, na katika jamatkhana kulikuwa na mukhi na kamadia, viongozi ambao mbele yao ugomvi wa deni ungeweza kupelekwa. Kijana akitoroka na mali, dada yake angekosa mchumba. Dhamana hiyo ilikuwa na nguvu kuliko hati ya wakili. Hata pesa zenyewe zilitembea kwa hundi, kipande cha karatasi ambacho mtu wa Kampala alikiandika na mtu wa Bombay akakilipa, kwa sababu tu aliujua mwandiko na ukoo.

Tukilitazama upande wetu, jambo hilo lina uchungu wake. Mkopo ulisafiri kutoka Bombay hadi Mombasa, kutoka Mombasa hadi duka la bati porini, kisha ukakoma kwenye meza ya duka. Mkamba aliyeleta ngozi au nta alilipwa alichopimiwa. Mizani ilikuwa ya mwenye duka, bei ilikuwa ya mwenye duka. Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 1903, ilifanya iwe shida kumdai Mwafrika deni mahakamani, ikisema inamlinda. Kwa kumlinda hivyo ilimnyima mtaji, kwani ni nani atamkopesha mtu asiyeweza kudaiwa? Wazee wetu walikuwa na mbai zenye nguvu vilevile, lakini mbai haikuwa na ndugu Bombay. Uzao wa Kivoi, waliokuwa na misafara, wakawa wapagazi na wanunuzi.

Lakini lawama yote nisimtwike mwenye duka. Yeye mwenyewe alibaguliwa. Mwaka 1900 Allidina alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Wahindi huko Mombasa kutetea haki zao, na ardhi za nyanda za juu walizuiwa kama tulivyozuiwa sisi. Lugha yetu nayo inashuhudia jinsi tulivyoishi karibu: duka, gari, gunia, laki, hundi, yote ni maneno yao. Hata bepari, ambaye kwao alikuwa mfanyabiashara tu, huku kwetu amegeuka kuwa tusi la kisiasa.

Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu leseni za biashara ziliwaondoa sehemu za mashambani wengi wasiokuwa raia. Leo mwenye duka hapa Ekalakala ni Mkamba kama mimi, na mkopo anawapa wa mbai yake kwanza. Nimeuona daftari wake.

Turudi kwa Allidina. Mwaka 1916, akiwa mzee wa miaka 65 hivi, alisafiri hadi Kongo kukagua biashara zake, akashikwa na homa. Hakupona. Mwanawe Abdulrasul alirithi matawi yote na madeni yote. Ni yeye aliyeijenga Mombasa shule kwa ukumbusho wa baba yake, iliyofunguliwa mwaka 1923 na ambayo ingali inaitwa Allidina Visram. Mwaka huohuo Abdulrasul naye akafariki.

Hapo ndipo udhaifu wa mtandao ulipoonekana. Hesabu zilikuwa kichwani mwa wawili hao kuliko vitabuni. Bidhaa zilikuwa zimekopeshwa mamia ya maili mbali, kwa watu waliomjua baba na kumheshimu mwana, lakini sasa hakukuwa na wa kumwonea haya. Waliodai wakaja kwa haraka, waliodaiwa wakanyamaza, na katika miaka michache kampuni ikavunjika. Matawi mengi hayakufungwa. Makarani waliokuwa wakiyaendesha waliendelea kufungua milango kila asubuhi, kwa majina yao wenyewe.