Almasi ya Mwadui Haikuwa Bahati Tu

Vijana wengi wa Shinyanga na Geita husikia habari za Dakta Williamson wakadhani kwamba alitajirika kwa bahati ya siku moja. Sivyo. John Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria, lakini safari moja ya likizo kuchunguza miamba huko Labrador ilimgeuza nia. Tangu hapo hakuyumba tena. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari, na mwaka uliofuata akaja Afrika kutafuta madini. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha Mabuki. Kampuni yake ilipokata tamaa, yeye aliendelea, ingawa alipungukiwa fedha na kuuguzwa na malaria. Mwaka 1940, akiwa na miaka 33, aligundua almasi ya Mwadui. Alifariki mwaka 1958.

Basi enyi wanafunzi mnaotamani kuacha darasa mkimbilie machimboni, hesabuni miaka hiyo. Mtu huyu alisoma kwanza, akachimba baadaye. Na elimu yake ndiyo iliyomwonyesha pa kutafuta.