Henry Knox, muuza vitabu aliyelipatia jeshi la Marekani mizinga yake

Hapa kwetu mashariki, hata mutoto wa miaka saba anajua kutofautisha mlio wa bunduki na mlio wa silaha nzito. Bunduki inalia karibu. Silaha nzito inatoka nyuma ya mlima, na watu wanashika pumzi mpaka wajue imeanguka wapi. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua vile kikosi cha mizinga kinaundwa ndani ya jeshi la inchi: mizinga inatoka wapi, nani anaivuta, nani anahesabu umbali, nani anawafundisha vijana wasijilipue wenyewe. Leo ukurasa wetu wa historia unakwenda mbali, Marekani, karibu miaka 250 iliyopita, kwenye maisha ya mtu mmoja aliyeanza kazi hiyo bila shule ya kijeshi, bila mzinga hata moja, na bila vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Jina lake wengi wenu mumelisikia bila kujua ni la nani. Fort Knox, ile kambi ya Kentucky ambako serikali ya Marekani inaficha dhahabu yake, inaitwa kwa jina lake. Mji wa Knoxville, kule Tennessee, vile vile.

Henry Knox alizaliwa Boston tarehe 25 Julai 1750, mtoto wa saba kati ya wavulana kumi. Baba yake alikuwa anatengeneza mashua. Biashara ikaharibika, madeni yakamzidi, akatoroka kwenda kutafuta maisha katika visiwa vya Karibe na akafia huko mwaka 1762. Henry alikuwa amekwisha kuacha shule akiwa na miaka tisa tu, juu ya kumsaidia mama. Akapata kazi katika duka la vitabu. Tajiri wa duka akamruhusu kusoma vitabu vyote alivyotaka, na huyo mtoto akajisomea mwenyewe: historia, hesabu, Kifaransa kidogo kidogo, na zaidi ya yote vitabu vya vita.

Mwaka 1771, akiwa na miaka 21, akafungua duka lake mwenyewe. Boston wakati ule ilikuwa imejaa askari wa Uingereza, na maofisa wao walikuwa wateja wake wazuri. Walikuja kununua vitabu, yeye akawauliza maswali juu ya mizinga na ngome. Sijui kama walijiuliza kwa nini muuza vitabu anataka kujua mambo hayo. Kisha ajali: mwaka 1773, akiwinda ndege, bunduki ikapasuka mkononi na kumkata vidole viwili. Tangu siku hiyo alizoea kufunga mkono huo na kitambaa wakati wa kusimama mbele ya watu.

Mwaka uliofuata alioa Lucy Flucker. Hapo njo mambo yalikuwa magumu. Baba ya Lucy alikuwa mkubwa katika serikali ya mfalme wa Uingereza kule Massachusetts, na hakutaka binti yake aolewe na mwenye duka, tena mwenye kuunga mkono wapinzani. Lucy akachagua bwana wake. Vita ilipoanza mwaka 1775, wawili hao wakatoroka Boston, duka likaporwa. Wazazi wa Lucy nao wakapanda meli kwenda Uingereza, na hakuwaona tena mpaka kufa.

Kwa nini vitabu vilikuwa na faida hivyo? Mtu wa bunduki unaweza kumfundisha kwa wiki chache. Mzinga (wengine hapa kwetu wanasema kanoni) ni jambo lingine. Kwanza kuna mtu wa kupitisha burashi yenye maji ndani ya bomba, kuzima cheche zilizobaki. Mwingine analeta mfuko wa baruti, mwingine risasi ya chuma, mwingine anashindilia, mwingine anaziba tundu la nyuma na kidole ili hewa isiingie, wa mwisho anawasha. Mmoja akisahau kazi yake, hasa yule wa burashi, baruti inawaka mikononi mwa wenzake. Na juu ya hayo yote kuna hesabu: baruti kiasi gani, bomba linyanyuliwe kiasi gani, lengo liko mbali namna gani. Makoloni yale hayakuwa na watu wengi wa kazi hiyo. Ndiyo maana jenerali George Washington, alipofika mbele ya Boston Julai 1775 na kumkuta huyu kijana mnene mwenye sauti ya radi, alimshika haraka.

Washington alikuwa amewazunguka Waingereza ndani ya Boston, lakini hakuwa na silaha nzito za kuwafukuza. Wao walikuwa na manowari baharini. Knox akatoa wazo: kule kaskazini, katika ngome ya Ticonderoga, kuko mizinga ambayo wapiganaji wa makoloni waliikamata kwa Waingereza mwezi wa Mei. Iko tu pale, inashika kutu. Twende tuilete. Wengine waliona ni wazimu, kwa sababu ni karibu kilometa 500 za misitu, ziwa, mito na milima, na baridi ilikuwa inaanza. Washington akakubali. Mwezi wa Novemba akamfanya kolonel, mkubwa wa mizinga ya jeshi lote. Knox alikuwa na miaka 25.

Alifika Ticonderoga tarehe 5 Desemba 1775, pamoja na mdogo wake William mwenye miaka 19. Akachagua mizinga karibu 60, ya kila namna: ya shaba, ya chuma, mirefu ya kupiga mbali, na ile mifupi minene ya kurusha juu, tunayoijua kwa jina la mortie. Uzito wote karibu tani 60. Wakaipakia ndani ya mitumbwi mikubwa kuvuka ziwa George kabla maji hayajaganda. Mtumbwi moja ukagonga jiwe na kuzama pembeni, wakautoa. Kisha akatengenezesha magari 42 yasiyo na magurudumu, yale ya kuteleza juu ya theluji, na kutafuta ng'ombe na farasi wa kuvuta. Wenye ng'ombe wakapandisha bei, na mabishano yakawa mengi. Halafu theluji yenyewe ikakataa kuanguka, magari hayawezi kuteleza kwenye udongo. Ikaanguka, ikawa nyingi kupita kiasi. Jua likawaka, barafu ya mto Hudson ikawa nyembamba. Watu wake walipiga matundu ndani ya barafu ili maji yapande juu yake, yagande usiku na kuifanya nene. Hata hivyo, karibu na Albany, mzinga moja mkubwa ukapasua barafu na kuzama. Wakaaji wa mji wakatoka kusaidia kuuvuta, na Knox, kwa kuwashukuru, akaupa ule mzinga jina la mji wao.

Baada ya hapo, milima ya Berkshire. Kupanda ni taabu, kushuka ni hatari zaidi, maana mzinga wa kilo elfu mbili na zaidi ukimponyoka ng'ombe hauna rafiki. Waliufunga kila moja na kamba kwenye miti na kuulegeza polepole. Msomaji wa Kivu atakuwa ameelewa picha hiyo upesi. Mwaka 1916 wazee wetu walibeba mizinga ya Force Publique, vipande vipande, mabegani, kwenye njia ya kwenda Tabora, na majina yao hayakuandikwa popote. Wale waliovuta mizinga ya Knox pia hatuwajui, isipokuwa wachache sana.

Mwisho wa Januari 1776 mizinga ikafika. Usiku wa tarehe 4 Machi, askari wa Washington wakaipandisha kimyakimya juu ya vilima vya Dorchester, vinavyotazama mji na bandari. Udongo ulikuwa umeganda, haiwezekani kuchimba, kwa hiyo walikuwa wametayarisha mbele matita ya miti ya kujengea ukuta. Asubuhi Waingereza wakaamka na kuona midomo ya mizinga juu ya vichwa vyao. Jenerali wao Howe alitaka kushambulia, dhoruba ikamzuia, akabadili nia. Tarehe 17 Machi wakapanda meli na kuondoka Boston, na mji haukubomolewa.

Sasa ilibaki kazi ambayo haiimbwi: kupanga kikosi. Knox aliwaandikia wakubwa akiomba vitu vitatu: watu wa kudumu wasiorudi nyumbani kila mwaka, mahali pa kutengeneza silaha na baruti, na shule. Alivipata kwa sehemu. Kikosi kikawa na rejima nne, kila moja na kolonel wake na kompani zake. Wakati wa vita, kompani ziligawanywa kati ya brigedi za askari wa miguu, mizinga michache kwa kila brigedi, na mingine ikabaki nyuma pamoja kama akiba ya kupeleka mahali mambo yameharibika. Ghala na karakana ya silaha ikawekwa Springfield, Massachusetts, mahali alipopapendekeza yeye, ndani ya inchi, mbali na manowari. Na wakati wa baridi ya 1778 kuingia 1779, kule Pluckemin katika New Jersey, akajenga chuo ambako maofisa wa mizinga walisomeshwa hesabu na ufundi wa kazi yao. Mtu aliyeacha shule na miaka tisa njo aliyejengea jeshi hilo shule.

Kazi ya kikosi ilionekana mapema. Usiku wa Krismasi 1776, Washington alivuka mto Delaware, umejaa vipande vya barafu, na watu karibu 2400 na mizinga 18. Sauti ya Knox ndiyo iliyoongoza mashua gizani, watu waliisikia juu ya upepo. Asubuhi, katika mji wa Trenton, mvua na theluji vililowanisha bunduki nyingi, lakini tundu la mzinga ni rahisi kulikinga na maji. Mizinga ikawekwa kwenye vichwa vya barabara, kompani moja ikiongozwa na kijana Alexander Hamilton, na adui hakuweza kujipanga. Kesho yake, tarehe 27 Desemba, Knox akapewa cheo cha jenerali. Mwaka 1781 huko Yorktown, pamoja na mizinga ya Wafaransa waliokuja kusaidia, kikosi chake kilipiga kuta za Waingereza mpaka wakajisalimisha tarehe 19 Oktoba.

Amani ikaja, na inchi ikasahau haraka. Mwaka 1784 Congress ilivunja jeshi mpaka wakabaki askari 80 tu, kazi yao kulinda maghala ya silaha. Mwaka uliofuata Knox akafanywa waziri wa vita, na akakaa kwenye kiti hicho, hata chini ya rais Washington, mpaka mwisho wa 1794. Tuseme pia upande mwingine. Yeye aliandika wazi kwamba Wahindi wenyeji ndio wenye ardhi yao na haiwezi kuchukuliwa bila mapatano au vita ya haki. Lakini wakati huo huo wizara yake ilituma majeshi dhidi yao kule Ohio, na mwaka 1791 moja ya majeshi hayo ilipigwa vibaya sana. Mapatano aliyoyasimamia, wahamiaji weupe hawakuyaheshimu, na serikali haikuwazuia. Mtu anaweza kuwa na neno zuri kwenye karatasi na lisizuie kitu.

Alipoacha kazi alihamia Thomaston, kule Maine, kwenye ardhi kubwa iliyotoka kwa familia ya Lucy. Akajenga jumba kubwa, akaanza kila biashara: matofali, mashua, ng'ombe, mbao. Wakulima waliokuwa wamekaa juu ya ardhi hiyo bila karatasi wakagombana naye juu ya mipaka na malipo. Aliyepigania uhuru sasa ndiye mwenye ardhi anayedai kodi, na wao hawakusahau kumkumbusha. Madeni yakapanda sawa vile yalivyompandia baba yake. Nyumbani, kati ya watoto 13, wengi walikufa wangali wadogo.

Mwezi wa Oktoba 1806, akila kuku, alimeza mfupa. Ukamkwama na kumletea uvimbe ndani, na baada ya siku chache, tarehe 25, akafa, akiwa na miaka 56. Wenye madeni wakakuta mali yake haitoshi kuwalipa. Lucy aliendelea kukaa ndani ya lile jumba, akiuza ardhi na vitu kidogo kidogo, mpaka naye akafariki mwaka 1824.