Shigechiyo Izumi: Shaibu wa Japani aliyepunguziwa umri kaburini

SHIGECHIYO Izumi alipofariki dunia kutokana na nimonia mnamo Februari 21, 1986, ulimwengu ulitangaziwa kwamba ameaga shaibu wa miaka 120 na siku 237. Tayari kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kimemtambua kuwa binadamu mkongwe kuliko wote.

Izumi alikuwa mkulima wa miwa katika kisiwa cha Tokunoshima, kusini mwa Japani. Ikiwa kweli alizaliwa Juni 29, 1865, basi alikuja duniani miaka mitatu kabla ya Mfalme Meiji kurejeshewa mamlaka, enzi ambapo watawala wa Satsuma waliwalazimisha wakazi wa visiwa hivyo kuzalisha sukari guru kwa manufaa yao. Aliishi kuona Tokunoshima ikitawaliwa na Wamarekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha ikirudishwa kwa Japani Desemba 1953.

Wanahabari waliofunga safari hadi kisiwani kutafuta siri ya uhai wake walirejea na habari za kuwakera madaktari. Mzee huyo alipenda pombe kali iliyotengenezwa kwa sukari hiyo hiyo guru, na ilisemekana alianza kuvuta sigara akiwa na umri wa miaka 70. Ilielezwa pia kuwa aliacha kazi ya shamba alipotimiza miaka 105.

Msingi wa madai yote hayo ulikuwa daftari la familia, aina ya kumbukumbu zilizoanzishwa na serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Karatasi yenyewe haikuwa ya kughushi. Tatizo lilikuwa jina. Watafiti walishuku kwamba mtoto aliyeandikwa humo alikuwa kaka yake mkubwa aliyekufa angali mdogo, na kwamba Izumi, aliyezaliwa baadaye, yamkini 1880, alirithi jina la marehemu, desturi isiyo ngeni katika jamii nyingi. Kwa hesabu hiyo, 105 ulikuwa umri wake wa kufa, si wa kustaafu.

Haijathibitishwa kuwa alikusudia kumdanganya yeyote. Mtu hakumbuki siku aliyozaliwa, huambiwa.

Siku aliyokufa, Mfaransa Jeanne Calment alikuwa akitimiza miaka 111. Mama huyo aliipita rekodi ya Izumi mwaka wa 1995 na kufariki 1997 akiwa na miaka 122. Kwa wanaume, Izumi aliendelea kutajwa kinara kwa miaka mingi hadi Guinness ilipoliondoa jina lake, na mwaka wa 2012 Mjapani mwenzake, Jiroemon Kimura, akatangazwa mwanamume aliyeishi muda mrefu zaidi. Kimura alifariki Juni 2013 akiwa na miaka 116.

Huko Tokunoshima, sanamu ya Izumi ilisimamishwa penye makazi yake ya zamani.