Rugambwa: Kijana wa Muleba aliyejua kusubiri namba

Shabiki aliyewahi kupanda basi kutoka Mwanza kwenda Bukoba kuiona timu yake ikicheza Kaitaba anaijua Muleba kwa kuipita tu. Migomba huku na huku, mibuni chini ya migomba, Ziwa Victoria linachungulia na kupotea, basi linasimama kidogo watu wananunua ndizi, safari inaendelea. Wengi wanapita bila kujua kwamba ndani ya migomba hiyo, kijijini Bukongo, tarehe 12 Julai 1912 alizaliwa Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali wa Kanisa Katoliki.

Askofu kwenye kurasa za soka anatafuta nini? Jibu liko kwenye ligi yetu wenyewe. Kila msimu anatokea kinda mmoja, anafunga mabao mawili matatu ya hatari, jina linaimbwa jukwaani, anamwaga wino kwenye mkataba mnono, ananunua gari. Mzunguko wa pili ukifika hayupo. Ukiuliza unaambiwa yuko benchi, au ana majeraha, au kocha hampendi. Kipaji hakikuibiwa na mtu. Kilichokosekana ni breki, na maisha ya Rugambwa ni somo zima la breki.

Alipozaliwa, wazazi wake hawakuwa Wakristo bado. Walibatizwa pamoja naye Machi 19, 1921, mtoto akiwa na miaka minane. Akasoma Rutabo, kisha akaingia seminari ndogo ya Rubya, hukohuko Muleba ya leo, na baadaye akavuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Mchezaji wa leo akiingia kambini wiki mbili tu kabla ya ligi analalamika amefungiwa kama mfungwa. Seminari za Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama Mapadre Weupe, zilikuwa kambi isiyo na tarehe ya kuvunjwa. Kengele inalia alfajiri, sala, Kilatini, jembe, chakula kwa ukimya, masomo tena, sala, kulala. Kesho ni vilevile. Kwenda nyumbani hakukuwa kwa kujisikia. Na makosa ya kufukuzwa yalikuwa mengi kuliko kadi nyekundu zote za msimu mmoja. Wengi walioingia seminari nyakati zile hawakufika mwisho, wengine kwa kushindwa masomo, wengine kwa kuona nje kuna raha zaidi.

Na nje raha ilikuwepo kweli. Bukoba ya miaka ya 1920 ilikuwa na pesa ya kahawa. Kijana wa Kihaya aliyejua kusoma na kuandika hakukosa kazi: ukarani, ualimu, ofisi za watawala. Anavaa shati safi, ana baiskeli, anaoa, anajenga. Rika la Rugambwa lilianza kuonja maisha huku yeye bado anaamshwa na kengele. Mwaka 1939, akiwa bado hajamaliza masomo ya upadre, Joseph Kiwanuka, aliyesoma Katigondo hiyohiyo, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Masaka. Mlango ulionekana wazi kwa mara ya kwanza. Ila kuuona mlango si kuuingia, na Rugambwa alisubiri miaka mingine minne hata kuwa padre wa kawaida.

Alipewa upadre Desemba 12, 1943, akiwa na miaka 31. Kwa mwanasoka huo ndio umri wa kuanza kufikiria ukocha. Yeye ndiyo kwanza anapewa jezi.

Akafanya kazi parokiani, kimya kimya, kisha akapelekwa Roma na kutoka na shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa. Watanzania wanawatania Wahaya kwa neno moja, nshomile, yaani nimesoma, kwamba Mhaya akipata cheti lazima kijiji kizima kijue kabla ya jua kuzama. Utani ni utani, na ndugu zetu wa Kagera wanaucheka kuliko wote. Lakini huyu aliyekuwa na haki zote za kujitapa, udaktari wa Roma mwaka 1951 wakati nchi nzima wasomi wanahesabika, alirudi akaendelea na kazi.

Desemba 1951 aliteuliwa kuwa askofu, akawekwa wakfu Februari 10, 1952. Angalia lakini alipewa wapi. Hakupewa Bukoba mjini. Alikatiwa eneo jipya, Kagera ya Chini, makao yakiwa Rutabo, na mwaka uliofuata likawa Jimbo la Rutabo. Bukoba ilibaki chini ya askofu mmisionari. Kwa lugha ya mpira, ni kocha mzalendo wa kwanza anapewa timu ndogo ya mkoani huku kila mtu akitazama kama ataanguka. Wapo ambao wangeona wamedharauliwa na kuanza kulalamika mitaani. Rugambwa aliifundisha timu ndogo kana kwamba ndiyo timu kubwa kuliko zote.

Miaka minane baadaye dunia nzima ilimtafuta kwenye ramani. Machi 28, 1960, Papa Yohane XXIII alimvika kofia ya ukardinali akiwa na miaka 47. Siku hiyohiyo Peter Tatsuo Doi alikuwa Mjapani wa kwanza kupata heshima hiyo, na Rufino Santos Mfilipino wa kwanza. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Bendera ilikuwa haijapandishwa na haikupandishwa mpaka Desemba 1961. Jamaa kutoka migombani akawa jina kubwa duniani kabla nchi yake haijawa nchi. Juni mwaka huohuo, 1960, ndipo Bukoba ikawa yake.

Sifa za namna hiyo zimewaua wachezaji wengi kuliko rafu. Jaribio la kweli lilikuja Roma, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1962 hadi 1965. Maaskofu zaidi ya 2,000 chini ya paa moja, wakongwe wa Ulaya wamejaa, Waafrika ni wachache. Ingekuwa rahisi kila mmoja kutaka dakika zake mbele ya kipaza sauti. Maaskofu wa Afrika wakafanya jambo la timu: waliunda umoja wao, wakamchagua Rugambwa kuwa mwenyekiti, na mara nyingi wakakubaliana kwanza ndani, halafu mmoja akasimama kusema kwa niaba ya wengi. Kumbuka kwamba wengi wa maaskofu hao walikuwa wamisionari wazungu, na bado kitambaa cha unahodha kilivaliwa na mtu wa Muleba. Kujizuia usiseme ili mwenzako aseme vizuri zaidi ni kazi ngumu. Muulize mshambuliaji yeyote aliyewahi kutoa pasi akiwa peke yake na kipa.

Kuna eneo jingine ambalo klabu zetu zingejifunza. Rugambwa aliingia mara tatu kwenye mkutano wa kumchagua papa: 1963, halafu Agosti na Oktoba 1978. Anayeingia humo anakula kiapo cha siri, na kiapo hicho hakina mwisho wa mkataba. Linganisha na vyumba vya kubadilishia nguo vya huku kwetu, ambako kikosi kinavuja kabla kocha hajamaliza kukiandika.

Uchaguzi wa mwisho ulimalizika Oktoba 16, 1978. Wiki mbili baadaye majeshi ya Idi Amin yalikuwa ndani ya Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na watu wa mkoa wake wakawa wanakimbia na watoto mgongoni. Yeye wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, kazi aliyopewa Desemba 1968, akatumikia watu wa mji ule huku nyumbani kunawaka.

Dar es Salaam ilikuwa mechi ngumu. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa alipoteuliwa, na muda si mrefu shule za madhehebu zikataifishwa. Kanisa lilikuwa limewekeza jasho la miaka mingi humo. Askofu mwenye jina la dunia nzima angeweza kuwasha moto kwa hotuba moja tu. Hakuuwasha, shule ziliendelea kufundisha, na kwa haki kabisa mtu anaweza kubishana hadi leo kama ukimya ule ulikuwa wa busara au wa gharama. Lisilobishaniwa ni kwamba haukuwa wa woga. Mwoga hakai kwenye kiti kile kwa zaidi ya miaka 23. Leo sekondari ya wasichana Bukoba yenye jina la Rugambwa ni ya serikali, na mabinti wanaosoma pale ni wa dini zote.

Julai 12, 1992 alitimiza miaka 80. Siku kumi baadaye aling'atuka, na Polycarp Pengo akachukua nafasi. Hakukuwa na msimu wa kuaga, wala wa kurudi uwanjani baada ya kustaafu.

Alifariki Dar es Salaam Desemba 8, 1997. Akarudishwa Bukoba na kuzikwa Kashozi, misheni ya kwanza ya Wakatoliki katika eneo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1892, kwa sababu kanisa kuu la mjini lilikuwa halijawa tayari kumpokea. Alikaa Kashozi karibu miaka 15. Oktoba 2012 mwili wake ulihamishiwa ndani ya Kanisa Kuu la Bukoba, katika mji uleule wa Kaitaba, na hapo ndipo alipo mpaka leo.