Gandhi na Maziwa ya Mbuzi

Wanachama wenzangu, hapa Doldol ukikataa maziwa utaulizwa kama u mgonjwa. Basi sikilizeni habari za Mohandas Gandhi.

Alizaliwa Porbandar, India, mwaka wa 1869. Kabla ya kwenda London kusomea sheria mwaka wa 1888, alimwapia mamake kwamba hataonja nyama. Mwaka wa 1893 alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar akielekea Afrika Kusini. Huko, mwaka wa 1912, akaacha hata maziwa, maana alisoma jinsi ng'ombe walivyoteswa kwao ili wakamuliwe zaidi.

Mwaka wa 1918 akashikwa na tumbo la kuhara, akakonda kabisa. Daktari akamshauri anywe maziwa, akakataa katakata. Mkewe, Kasturba, akamkumbusha kwamba alipoapa aliwaza ng'ombe na nyati wa kufugwa tu, si mbuzi. Gandhi akanywa, akapona, lakini moyo haukuacha kumsuta: alishika maneno ya kiapo, akavunja nia yake. Aliuawa mwaka wa 1948.

Ahadi ni deni, kweli. Lakini mimi naona maiti halipi deni, na Kasturba aliona mbali. Je, mwenzangu, wewe ungekunywa?