John Milton (1608–1674): Malenga Aliyeviacha Vina

John Milton alizaliwa jijini London tarehe 9 Desemba 1608. Babake alikuwa mwandishi wa hati za kisheria na mtunzi wa muziki, naye hakumnyima mwanawe elimu. Milton alisomea Cambridge, akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1632. Alikuwa na umilisi wa Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kiitaliano.

Hata hivyo, kwa takriban miaka ishirini siasa ilimshughulisha kuliko ushairi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza mwaka wa 1642, aliunga mkono Bunge dhidi ya Mfalme Charles wa Kwanza. Mwaka wa 1644 alichapisha Areopagitica, makala ya kupinga sheria iliyolazimu vitabu vipate kibali kabla ya kuchapishwa. Mfalme aliponyongolewa kichwa mwaka wa 1649, Milton alikitetea kitendo hicho, akaajiriwa na serikali mpya kuiandikia barua za nchi za nje. Kufikia mwaka wa 1652 alikuwa kipofu kabisa.

Ufalme uliporejeshwa mwaka wa 1660, vitabu vyake vilichomwa moto hadharani, naye akafungwa kwa muda. Ni katika miaka hiyo ya giza na kushindwa ndipo alipoukamilisha utenzi wake mkuu, Paradise Lost, unaosimulia kuanguka kwa Adamu na Hawa. Mishororo yake, zaidi ya 10,000, aliitunga akilini kisha akaitamka ili wengine waiandike. Utenzi ulipotoka mwaka wa 1667, malipo yake ya kwanza yalikuwa pauni tano.

Wasomaji waliuliza mbona hauna vina. Mtindo huo ulikwisha kuzoeleka katika tamthilia za Kiingereza, ila katika utenzi ulikuwa mgeni. Milton alijibu kwamba vina ni pingu, na kwamba Homer na Virgil hawakuvihitaji. Mizani, lakini, hakuitupa.

Milton alifariki Novemba 1674, miezi michache baada ya toleo la pili, akazikwa London kando ya babake. Sisi tuliolelewa katika mjadala wa wanamapokeo na wanausasa tuna la kujifunza kwake: aliyeonekana kuvunja kanuni alijiona anarejesha mapokeo makongwe zaidi.